KARATASI ZA MANOWARI

Hotuba juu ya Philip Howard Colomb, iliyosomwa mbele ya wanachama



Tuliagizwa tuseme habari za mtu mmoja katika wale waliotumika Serikalini kwanza, kisha wakashika kalamu na kutunga vitabu. Watu wa namna hii si haba. Majemadari, mahakimu na mabalozi wengi wameandika walipokwisha kustaafu, na vitabu vyao vingine, bila kuwavunjia heshima, vyafaa zaidi kuuzuia mlango wakati wa upepo. Sisi tumemchagua Philip Howard Colomb, afisa wa manowari za Kiingereza, ambaye baadaye alijulikana kwa kuandika historia ya vita vya baharini. Tumemchagua kwa kuwa alipita katika bahari yetu hii, tangu mwaka 1868 hata 1870, na mambo aliyoyaona humo ameyaeleza kwa unyofu ambao hatukuutazamia. Tena, habari zake zatuhusu sisi watu wa kalamu kuliko watu wa tanga, maana ndani yake mna habari ya karatasi: nani aliyeiandika, kwa faida ya nani, na nani aliyekuja kuisoma baadaye.

Maisha yake ya ujana tutayapita upesi. Alizaliwa Scotland tarehe 29 Mei 1831, mwana wa jemadari. Mwaka 1846 akaingia katika manowari hali hajatimiza miaka 16. Akatumwa Ureno, akatumwa China kupigana na maharamia, akawa katika vita vya Burma mwaka 1852, akafika hata bahari ya barafu upande wa kaskazini mwaka 1854, kisha akawa katika vita na Warusi katika bahari ya Baltic. Mtu aliyezunguka hivyo angaliweza kuridhika kusimulia safari zake. Lakini Colomb alikuwa na akili ya namna nyingine, akili ya kupenda taratibu, nasi twafikiri angalikuwa karani hodari sana lau angalizaliwa katika nyumba isiyo ya askari.

Zamani hizo manowari zilikuwa zinaacha tanga na kushika mvuke, na jinsi zilivyokwenda kwa kasi zaidi ndivyo ilivyokuwa vigumu kusemezana. Mchana walipandisha bendera. Usiku walitundika taa, na taa hizo zilisema machache mno. Colomb akabuni njia ya kuwasha na kufunika taa moja, mmweko mfupi na mmweko mrefu, na kila mpango wa mimweko ukawa ni tarakimu, na tarakimu ikatafutwa maana yake katika kitabu. Alianza kazi hiyo mwaka 1858. Ikakubaliwa kutumika katika manowari zote mwaka 1867. Miaka tisa! Yeyote katika sisi aliyewahi kupeleka shauri juu kwa wakubwa, akajibiwa kwamba jambo lake linafikiriwa, ataifahamu hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Baada ya hapo alipima jinsi meli za mvuke zinavyogeuka kwa mwendo huu na huu, akatoa sababu za meli kugongana. Alipingwa sana, lakini mengi katika aliyoyasema yakaingia katika kanuni za mataifa zilizotengenezwa katika mkutano wa Washington mwaka 1889.

Sasa tufike katika bahari yetu. Mwaka 1868 alipewa kuiongoza manowari iitwayo Dryad, akatumwa Bahari ya Hindi kuzuia biashara ya watumwa. Ili tufahamu kazi yake ilikuwa ngumu kwa jinsi gani, yatupasa tukumbuke sheria ya wakati ule. Mapatano ya mwaka 1845 kati ya Uingereza na Seyyid Said, yaliyoanza kutumika mwaka 1847, yalikataza watumwa kutolewa katika milki yake ya Afrika na kupelekwa Arabuni. Lakini ndani ya milki hiyo ya Afrika, tangu Kilwa upande wa kusini hata Lamu upande wa kaskazini, kuwachukua watumwa baharini kuliachwa kuwa halali. Tazameni basi. Jahazi limetoka Kilwa lina watu 80 chini, wamejikunyata juu ya mianzi, kwa njaa na kiu. Likienda Unguja, manowari hairuhusiwi kuligusa. Jahazi lile lile, lenye watu wale wale na njaa ile ile, likipita Lamu, ni haramu, na nahodha wake ni mhalifu. Tofauti haikuwa katika mateso ya watu. Ilikuwa katika mstari usioonekana juu ya maji.

Na hayo ndiyo mepesi. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika Unguja mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo katika majahazi mengi ya biashara ya haki, yenye tende, chumvi, samaki na boriti, walikuwamo mabaharia waliokuwa watumwa wa mwenye chombo, au watumishi wanaofuatana na bwana wao safarini. Afisa wa Kiingereza apandapo juu ya sitaha na kuona watu weusi watatu, je, ni mabaharia? Ni watumishi? Au ni watu wanaokwenda kuuzwa Sur? Lugha haijui. Hati za nahodha zimeandikwa kwa Kiarabu, naye hawezi kuzisoma. Mbele yake yuko mkalimani wake, mtu wa pwani, naye ameajiriwa na manowari.

Kusi ilipoanza kuvuma, mwezi wa Aprili na Mei, vyombo vya Arabuni vilitweka tanga kurudi kwao. Hapo manowari zilivizia katika pwani ya Arabuni, kwa kuwa chombo chenye watumwa kilichofika huko hakikuweza tena kusema kinakwenda Unguja. Colomb naye alivizia huko, akakamata. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 1873 ameeleza habari hizo zote. Jina lake kwa Kiingereza ni Slave-Catching in the Indian Ocean, yaani Kukamata Watumwa katika Bahari ya Hindi. Hakusema kuwakomboa, amesema kuwakamata. Hatujui kama alikusudia kejeli, lakini msomaji akimaliza kitabu huona kwamba jina halikukosea njia.

Maana hapa ndipo ilipo fedha. Sheria ya Uingereza iliwapa mabaharia wa manowari tuzo ya pauni 5 kwa kila mtumwa aliyetolewa katika chombo kilichohukumiwa. Na kama watumwa walikuwa wachache, au hawakuwamo kabisa ila chombo kilithibitishwa kuwa cha biashara hiyo, tuzo ilihesabiwa kwa ukubwa wa chombo. Fedha ikagawanywa kwa cheo, tangu mkubwa hata kijana wa mwisho. Tena manowari haikuweza kulivuta jahazi bovu kwa mamia ya maili mpaka Aden au Unguja, kwenye mahakama. Kwa hiyo mara nyingi chombo kilichomwa moto au kuzamishwa pale pale kilipokamatwa, na kilichofika mbele ya hakimu kilikuwa ni karatasi.

Hebu tuiweke karatasi hiyo juu ya meza yetu sisi makarani, tuitazame kama tunavyotazama madai ya posho ya safari. Imeandikwa na nani? Na afisa aliyekamata. Vipimo vya chombo vimechukuliwa na nani? Na watu wake, kwa kamba yao, na chombo kikiisha kuteketea hakuna wa kukipima mara ya pili. Imetiwa sahihi na nani? Na yeye na wenziwe. Fedha italipwa kwa nani? Kwa hao hao. Na upande wa pili, nahodha wa jahazi, neno lake limeandikwa wapi? Pengine mstari mmoja, kwa kinywa cha mkalimani. Karani wa hesabu aliyekuwa London, mbali na joto na wimbi, alipopokea karatasi hiyo alitakiwa aulize maswali haya yote. Nasi twajua kwamba Wizara ya Fedha ilikuwa ikiuliza, na maafisa wa manowari wakikasirika kwa kuulizwa. Katika ugomvi huo, ndugu wanachama, tunaona haya kidogo kusema kwamba moyo wetu uko pamoja na karani.

Lakini tusipindukie. Chini ya majahazi mengi walikuwamo watu kweli, wake kwa waume na watoto, waliochukuliwa kutoka nchi za Nyasa na kwingineko, na kama manowari isingalitokea wangaliuzwa. Mwenzake Colomb, George Sulivan wa manowari Daphne, alitoa kitabu chake mwaka ule ule wa 1873, kiitwacho Dhow Chasing in Zanzibar Waters, na ndani yake mna hasira ya haki juu ya mateso hayo, na picha za watoto waliobaki mifupa mitupu. Vitabu vile viwili, pamoja na kamati ya Bunge iliyokaa mwaka 1871, ni vya zama zile zile ambazo Seyyid Barghash alilazimishwa kutia sahihi mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, ambayo yalifunga soko la Unguja na kukataza watumwa kuchukuliwa baharini kabisa. Ule mstari usioonekana ukafutwa. Sulivan aliandika ili msomaji aamke akafanye jambo. Colomb aliandika kama mtu anayefanya hesabu na kuona haimkubalii. Yeye hakuficha kwamba afisa alikuwa mshitaki na hakimu na mdai fedha kwa pamoja, na kwamba mfanyabiashara wa haki aliweza kupoteza chombo chake kwa kukosa ulimi wa kujieleza. Kwetu sisi, Sulivan ndiye mwenye moyo mwema zaidi, na Colomb ndiye shahidi wa kuaminiwa zaidi.

Kuna kurasa katika kitabu cha Colomb ambazo Mwafrika hazisomi kwa furaha. Waliokombolewa awaandika kama kundi, tabia zao azieleza kwa neno moja kwa wote, kama aelezavyo hali ya hewa. Tumezisoma kurasa hizo hata mwisho, kwa maana mwenye kuacha kusoma kwa sababu ametukanwa humwachia mtukanaji neno la mwisho.

Na hapa tuseme jambo dogo la lugha. Waingereza hawa, Colomb na Sulivan na wengine wote, wana neno moja tu kwa vyombo vyetu: dhow. Mtu wa pwani asema jahazi, asema bagala, betili, sambuku, badani, dau, na mtepe ulioshonwa kwa kamba bila msumari. Na kwa jina hilo tu msikilizaji ajua chombo kimetoka wapi, huchukua nini, na kina watu wangapi. Mtepe wenye boriti za mikoko kutoka Lamu haufanani na bagala la Sur. Katika karatasi ya manowari vyote ni dhow, na tofauti ambayo mtoto wa Kizingitini angaliijua kwa kutazama tu mlingoti, ilipotea kabla shauri halijaanza kusikizwa. Kwa upande wetu, sisi nasi tulitwaa jina la vyombo vyao tukalifanya letu, manowari, na kila meli ya vita tukaiita hivyo, kubwa kwa ndogo. Basi labda tumelipizana.

Colomb alipanda cheo mwaka 1870, akatumika tena China, na Mediterania. Mwaka 1886 akastaafishwa kwa kutimiza umri, miaka 55, kabla ya kuwa amiri. Vyeo vya amiri alivipata baadaye katika orodha ya waliostaafu, ambavyo ni kama kupewa ufunguo wa ofisi uliyokwisha kuhama. Kwa mtu mwingine huo ungalikuwa mwisho. Kwake ulikuwa mwanzo wa kazi ambayo jina lake lakumbukwa kwayo. Alikaa chini akasoma habari za vita vya baharini vya miaka 300, akitafuta kanuni moja: kwamba hakuna taifa liwezalo kuvusha jeshi juu ya bahari kwa salama ikiwa adui angali na nguvu katika bahari hiyo. Kitabu chake kikubwa, Naval Warfare, kilitoka mwaka 1891. Kwa bahati mbaya, mwaka mmoja kabla yake, afisa mwingine wa manowari, Mmarekani Alfred Mahan, alikuwa ametoa kitabu chake juu ya nguvu za bahari, na ulimwengu ukamsoma Mahan. Kitabu cha Colomb ni kizito na kirefu, nacho hakina maneno ya kumvuta mtu asiye baharia. Lakini mna sura zake tulizozisoma mara mbili, nazo ni zile zinazomhusu Torrington.

Arthur Herbert, Earl wa Torrington, aliongoza vyombo vya Waingereza na Waholanzi mwaka 1690. Wafaransa walikuja na zaidi ya 70, naye alikuwa na 56 hivi. Mfalme alikuwa vitani Ireland. Malkia Mary na baraza lake walikaa London, na huko ndiko walikompelekea amri kwamba apigane. Torrington alikuwa ameshauri vingine: tusipigane, turudi nyuma, maana maadamu vyombo vyetu vipo, adui hatathubutu kushusha jeshi, vikivunjwa, tumekwisha. Amri ikawa ni amri. Akapigana karibu na Beachy Head, tarehe 30 Juni kwa kalenda ya zamani, akashindwa, Waholanzi wakaumia kuliko wote, akarudi mpaka mto Thames. Akafungwa katika Mnara wa London. Mwezi wa Desemba akahukumiwa mbele ya maafisa wenziwe, wakamwona hana hatia. Hata hivyo hakupewa kazi tena mpaka alipokufa mwaka 1716. Na karibu miaka 200 waandishi walimwita mwoga na mzembe. Macaulay, ambaye kalamu yake ilikuwa kali kuliko upanga wa wengi, alimchora kama mlevi wa anasa aliyeiaibisha nchi yake.

Colomb akayarudia majalada. Akasoma maneno aliyoyasema Torrington mwenyewe alipojitetea mbele ya Bunge, akayapima na amri alizopelekewa, akahesabu vyombo, akatazama pepo na maji ya kupwa na kujaa. Akauliza swali ambalo walioketi juu ya viti vya nyumbani hawakuliuliza: baada ya ushindi huo mkubwa, Wafaransa walishusha jeshi wapi? Walichoma kijiji cha Teignmouth, wakarudi kwao. Basi shauri la Torrington lilikuwa kweli, na waliompelekea amri ndio waliotaka lawama imwangukie mtu aliye mbali. Wapo waliompinga Colomb. Mahan mwenyewe aliona kwamba jambo hilo la vyombo vinavyozuia kwa kuwapo tu limetiwa chumvi. Lakini hukumu ya zamani juu ya Torrington haikuweza kusimama tena kama ilivyokuwa.

Sisi twajiuliza ni wapi Colomb alijifunza kuisoma karatasi kwa namna ile. Hakusema, nasi tunakisia tu. Twakisia kwamba mtu aliyewahi kusimama juu ya sitaha ya jahazi lisilojulikana ni halali au haramu, akaandika kwa mkono wake hati itakayomletea fedha, na akajua moyoni kwamba yaliyomo yangaliweza kuandikwa vingine, hawezi tena kuamini karatasi kwa sababu tu ina mhuri. Wanavyuoni wengi waliomkosoa Torrington hawajapata kutia sahihi hati yoyote ila ya kupokea mshahara wao.

Na hili ndilo linalotukereketa. Torrington alipata mtetezi baada ya miaka 200, kwa sababu alikuwa Earl, na maneno yake yalichapwa, na majalada yake yamewekwa. Nahodha wa jahazi lililochomwa karibu na Ras al Hadd mwaka 1869, ambaye labda alikuwa mwuza watu na labda alikuwa mchukuzi wa tende, hana jalada. Colomb alikuwa na ujuzi wa kumtafuta, kuliko mtu yeyote wa zama zake. Alijua mlango ulipo. Alipostaafu akaenda kuufungua mlango wa mwaka 1690. Hatumlaumu, kila mtu hutafuta wazee wake. Na wale waliokuwa chini ya sitaha hawana jina hata moja katika hesabu: ni idadi, mara pauni 5.

Alikufa ghafula tarehe 13 Oktoba 1899, angali akiandika. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu cha maisha ya Amiri Astley Cooper Key.

Waliokombolewa na manowari hawakurudishwa makwao. Walipelekwa Aden, Bombay, Shelisheli, na baadaye Freretown karibu na Mombasa. Katika waliopelekwa Bara Hindi alikuwamo Myao mmoja, aliyechukuliwa na manowari ya Kiingereza kutoka katika jahazi la watumwa akiwa mtoto. Si Dryad iliyomchukua, wala hatutaki mtu adhani hivyo. Alisomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, akaitwa Jacob Wainwright. Mwaka 1872 alipelekwa bara pamoja na wenziwe kumfuata Livingstone, na Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwezi wa Mei 1873, yaani mwaka ule ule wa vitabu vya Colomb na Sulivan, Wainwright ndiye aliyekuwa hodari wa kuandika katika msafara. Akasoma sala za maziko, akachonga jina na tarehe katika gome la mti, na majina ya wenziwe watatu pamoja. Akaandika habari za siku kwa siku za safari ya kuuleta mwili pwani. Ilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1874, na daftari lake limehifadhiwa. Ndani yake hakuandika habari za jahazi alilotolewa. Alifariki Urambo mwaka 1892. Kazi ya kwanza waliyompa wenziwe asubuhi ile kule Chitambo, kabla ya mwili kuguswa, ilikuwa kufunguliwa masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, kitu baada ya kitu, naye akiandika orodha, ili asije mtu yeyote baadaye akasema kwamba kimepungua.